Benchi la Mama Bendera

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Leo tunamkumbuka Mama Bendera, aliyetutoka wiki tatu zilizopita. Nitasema taratibu, maana hasira zangu leo ziko karibu.

Kazi yake ilikuwa kushika bendera nyekundu pale barabara ilipokatiza reli. Treni za mgodi zikipita, watu wakisubiri. Mgodi ukafungwa. Reli ikang'olewa. Halmashauri ikaigeuza njia ile kuwa njia ya matembezi, wageni wakaja na mikoba yao mgongoni. Mama Bendera naye akarudi, na bendera ile ile.

Kwa nini? Pale penye kona ya njia ile, chini ni shimo la mgodi. Narudia: chini ni shimo. Ukipiga kisigino, panaitika kama debe. Mume wake alichimba hapo.

"Baba alikuwa anasikia treni juu ya kichwa chake," anasema binti yao. "Ikipiga honi, anajua mama yuko kazini. Alituambia udongo uliobaki hapo juu ni kiduchu."

Miaka tisa mama huyu aliiandikia halmashauri barua kuhusu shimo hilo. Miaka tisa akajibiwa kwamba suala lake linashughulikiwa. Akienda ofisini, mkubwa yuko kikaoni. Siku moja alikaa kwenye korido mpaka mfagiaji akamwomba ainue miguu. Kesho yake akarudi konani, akawa anawazungusha watu wapitie majanini.

"Wengine walimpiga picha," anasema binti. "Walidhani ni burudani. Mama anawaambia, pigeni tu wanangu, ila mpigie kule."

Presha ilimwangusha uani, akifua bendera hiyo hiyo.

Safari hii halmashauri haikuchelewa. Katika wiki mbili tu ikamjengea benchi la kumbukumbu. La zege, wasikilizaji. La watu sita. Na likawekwa wapi? Pale pale penye kona.

"Tuliona ndipo mama alipopapenda," ofisa alimwambia binti.

Kwa binti na wajukuu, poleni sana. Mungu amlaze mahali pema. Nawe msikilizaji uliye ofisini, hebu tazama barua ya nani iko chini ya kikombe chako cha chai.

Binti yuko konani tangu asubuhi. Ameshika bendera, anawaomba watu wasikae kwenye benchi la mama yake.