Farasi wa Pili

Wandugu, asanteni kunipa nafasi. Kusimama mbele za watu sijazoea, kazi yangu ni kuandika. Kule Bukavu niliandika hadithi za makauboi kwa Kiswahili. Munacheka? Hata mimi farasi sijawahi kumgusa! Lakini watu walizisoma. Nilipofika hapa Durban nilikuwa naandika ya wandugu wawili, mkubwa na mdogo, wanaokimbia vita kila mmoja na farasi wake, wanafika kwenye mto uliojaa. Mdogo wangu, tuliyepanga naye chumba mtaa wa Point, alisoma kila ukurasa kabla wino haujakauka.

Mwaka wa 2008, wageni walipokuwa wanapigwa, alipigwa akitoka kazini bandarini. Akafa. Nawaambia ukweli, sikusikia kitu moyoni. Tulimzika, nikarudi, nikala wali. Wamama walilia, mimi nawaangalia tu. Na ile hadithi ikabaki pale mtoni.

Nikapata kazi ya kufagia saluni ya mama mmoja wa kwetu. Kusuka kunachukua saa nyingi, wateja wanachoka. Mama akaniambia, "Papa, si unajua hadithi? Waongeleshe basi." Nikawasimulia ile ya wandugu wawili. Kila nikifika mtoni nasema, "Imeishia hapo," nachukua ufagio. Miaka ikapita hivyo.

Siku moja mteja Mrundi, kichwa kimesukwa nusu, akauliza, "Sasa mdogo alivuka?" Nikashika ufagio. Mama akaacha kusuka, akakunja mikono.

"Leo sisuki mpaka uvushe hawa watoto."

"Mama, mteja wako ataenda hivyo?"

"Nitaenda hivyo!" mteja akajibu mwenyewe. "Nusu kichwa! Eish, sema!"

Nikaweka ufagio chini. Nikasema: mdogo hakuvuka, maji yalimchukua. Mkubwa akasimama ng'ambo, ameshika farasi wawili. Nilipomtaja yule wa pili, asiye na mtu mgongoni, nikalia, wandugu! Nikalia kama mtoto. Mama alinikalisha kwenye kiti cha wateja, akarudi kusuka.

Kitabu nilikimaliza. Kiko pale saluni, kimejaa mafuta ya nywele. Sitawadanganya, sehemu kubwa ya moyo bado iko na ganzi. Lakini namshukuru yule mama, na mteja aliyekubali kukaa nusu kichwa. Kama kwenu iko mtu amenyamaza, musimuharakishe na pole. Mumuulize alifikia wapi, muache kazi ya mikono, mungoje.

Sasa naandika ingine. Mkubwa anaendelea na safari, na bado anavuta farasi wawili.