Breki Nilizokanyaga Hazikuwa Zangu

Nilikanyaga breki, pedali ikazama mpaka chini kama mguu unaoingia kwenye tope, na gari halikupunguza mwendo. Nikakanyaga tena. Na tena. Hakuna kitu! Tulikuwa tunateremka kutoka Makongo Juu, nyuma kuna viazi na ndizi, na chini kule barabara inapojikunja kulikuwa na watoto wa shule wanavuka, wanacheka, hawana habari na mtu. Nikapiga honi. Nikavuta hendibreki, ikalia tu. Mie nikaita Yesu. Mwanahawa pembeni yangu akaita Ya Rabi. Ndugu zangu, ndani ya kile kikebini cha kirikuu, kigari chetu cha mizigo, Mungu aliitwa kwa majina yote tuliyokuwa nayo!

Mkono wa kushoto palikuwa na mtu anajenga, amemwaga lundo la mchanga nje ya ukuta wake. Nikakata usukani kulekule. Sikufikiri, nilikata tu. Gari likapanda lile lundo, likalala ubavu, viazi vikamwagika mpaka kwa wale watoto. Hakuna mtoto hata mmoja aliyeguswa. Mie nilitoka na michubuko ya uso na mkono. Lakini kushoto ndiyo upande wa abiria. Upande niliouchagua ulikuwa wa Mwanahawa.

Basi Bwana atukuzwe, maana nimesimama hapa mbele yenu nikiwa mzima! Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu nikiongea kwa kichwa nitalia nipotee njia. Mie shule niliishia darasa la nne, mnivumilie. Wengi mnanijua, mie Mama Eliza wa Yombo, wa kwaya ya kina mama. Mlisikia nilipata ajali. Mlichokisikia sicho chote, na leo nakisema chote, na majina nayataja.

Mwanahawa si wa kanisa hili. Ni Muislamu, mzaliwa wa Temeke, babu zake walikuwepo hapa kabla ya hizi barabara. Tulikutana soko la Mabibo wote wawili tukiwa tunabeba mizigo vichwani. Baadaye tukaunganisha nguvu, tukanunua kirikuu cha mtu, kimeshatumika lakini kizima, mie nikajifunza kuendesha, yeye akawa wa kupatana bei. Tunachukua mzigo Mabibo, tunasambaza kwa mama lishe na wakaanga chipsi, Mwenge, Makongo, mpaka huko ndani. Wanaume wa sokoni walikuwaga wanatuita maharusi. Mwanahawa anawajibu, "Ndiyo, na mahari hamtaiweza."

Ilipofika kukata bima, mie ndiye niliyeng'ang'ania ile kubwa, siyo ile ndogo ya kumridhisha trafiki. Sokoni walicheka mpaka wakakaa chini. "Kirikuu na bima kubwa! Mama Eliza, unamshonea mbuzi suti!" Nikasema nyie chekeni tu, hiki ndicho kinatulisha.

Na kweli, ikaja siku lori la Fuso likarudi nyuma pale sokoni bila kuangalia, likatufinya mbele. Bampa, taa, kioo, gurudumu la mbele likakaa kama mtu aliyeteguka. Wale waliocheka wakanyamaza. Kampuni ya bima ikamtuma mkaguzi wao, anaitwa Kilian, kijana wa miwani, akapiga picha kwa simu, akasema tutalipa: bodi, taa, na breki za mbele zote mpya, pamoja na masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga. Akanitajia gereji wanazofanya nazo kazi, nichague. Ya pili kutajwa ilikuwa ya Obadia, kule Keko, nyuma ya mafundi makabati.

Mzee Obadia. Mzee wa kanisa. Huyu huyu aliyekaa benchi la mbele leo, anayetushikia kapu la sadaka. Ndugu zangu, niliruka kwa furaha! Nikasema hili ni jibu la maombi, gari langu linaenda kwa mpendwa.

Sasa hapa nataka tuelewane, maana hapa ndipo penyewe. Sie watu wa Dar tunajua: gari likiingia gereji, na wewe unaingia. Unatafuta kibenchi, unanunua maji, unakaa. Fundi akifungua nati, unaangalia. Akitoa kifaa, unasema kiweke hapa miguuni kwangu. Wapo wanaoletewa chakula kutoka nyumbani, wanakula wamelitazama gari kama mtu anayeuguza. Si dharau kwa fundi, na fundi mwenyewe hakasiriki. Asiyekaa na gari lake analikuta na viungo vya wengine. Mtoto mdogo wa hapa mjini analijua hilo.

Na mie nilikwenda kukaa. Asubuhi nilichukua stuli pale kwa seremala, nikaketi karibu na gari langu. Obadia akatoka ofisini, akanitazama, akatabasamu. "Mama Eliza, ndiyo nini? Jumapili nakushikia sadaka, Jumatatu unanilinda?" Mafundi wake wakacheka. Mie uso ukanishuka. Niliona aibu kama mtu aliyemshika mwenzake mfuko. Nikamwambia samahani mzee, nikarudisha stuli, nikaenda zangu nyumbani.

Nilipomwambia Mwanahawa, alinitazama kama mgonjwa.

"Umeliacha?"

"Yule ni mpendwa, Mwanahawa. Tunasali pamoja."

"Mpendwa wako wewe. Gari lako halijaokoka, mwenzangu. Nenda kakae nalo."

"Nitamvunjia heshima."

"Anayeogopa macho yako, mkononi ana nini?"

Nikamwona ana maneno makali kwa sababu si wa imani yetu. Sikumsikiliza. Nimelifikiria sana jambo hili nikiwa nimelala. Kwa fundi asiyemjua Mungu ningekaa kutwa bila kuona haya. Kwa ndugu katika Bwana nikaona kuangalia ni dhambi. Nani alitufundisha hivi? Yesu mwenyewe alisema kesheni. Hakusema kesheni isipokuwa mkiwa kwa mzee wa kanisa.

Siku ya kuchukua gari lilikuwa linang'aa. Rangi mpya, taa mpya, bampa jipya. Kilian wa bima alikuja, lakini mvua ilikuwa imenyesha, uani matope, akasimama getini asichafue viatu. Nilimwona kwa macho yangu. Akapaza sauti, "Mzee, limepona?" Obadia akajibu, "Limepona kabisa." "Haya, mama, saini hapa kwamba umeridhika." Hakulala chini aangalie, hakuliwasha, hakuliendesha hata mpaka kwenye kona. Nami nilisaini, maana nilichokuwa naona ni rangi. Halafu Obadia akatuwekea mikono juu ya boneti, akaliombea gari lisipate ajali. Ndugu zangu, aliliombea! Niliitikia amina kwa sauti.

Haukupita muda mrefu ndiyo ukaja ule mteremko wa Makongo.

Mwanahawa nyonga ilivunjika, na paja. Mie nilimtoa kwenye ule mchanga nikisaidiwa na mafundi wa ule ujenzi. Alikuwa anatetemeka, midomo myeupe, ananiuliza watoto je, watoto je. Nikamwambia wazima wote. Akasema alhamdulillahi, akazimia.

Gari likavutwa mpaka kituo cha polisi, askari anayekagua magari akalifungua mbele yangu. Akaniita. "Mama, hili gari lako?" Nikasema langu. "Namba yake hii?" Ndiyo. "Mbona masta silinda imechorwa namba nyingine?"

Mnajua tunavyochora namba za gari kwenye taa na vioo vya pembeni ili wezi wasiuze. Yuko mtu mwenye wasiwasi kuliko sisi, yeye alichora mpaka kwenye breki zake. Askari akanisomea ile namba, na namba ile mie nilikuwa nimeiona. Pale uani kwa Obadia kuna kirikuu kimewekwa juu ya mawe, hakina matairi, kuku wanatagia ndani, na kibao chake cha namba bado kinaning'inia. Nilikitazama asubuhi nzima nilipokaa kwenye ile stuli, kabla sijaaibishwa. Kimekufa tangu sijui lini. Ndicho nilichokanyaga breki zake kwenye mteremko! Mpira wa ndani ulikuwa umekwisha, mafuta yalikuwa yanapita kando. Masta silinda mpya iliyolipiwa na bima haikufungwa. Na ile yangu ya zamani, iliyokuwa bado inashika hata baada ya Fuso, haikuwepo pia.

Nikaenda bima, kwa Kilian. Akanipokea vizuri, akaniletea kiti. Akasema, "Mama, pole sana, lakini bima hailipi ajali iliyosababishwa na gari bovu."

"Si mlilitengeneza nyie?"

"Gereji ndiyo iliyotengeneza."

"Gereji mliilipa nyie."

"Mama, ulisaini kwamba umeridhika."

"Na wewe ulikagua."

Akavua miwani akaifuta. Nikaenda Keko. Obadia akasema ile namba aliichora mwenye gari wa kwanza kabla mie sijanunua. Nikamwonyesha kile kirikuu cha kuku. Akasema, "Mama Eliza, shetani anataka kutugombanisha." Wiki hiyohiyo kibao cha namba kikatoweka pale uani. Lakini askari nilishamwambia, na alishakwenda kukipiga picha, mzee. Hilo ulikuwa hulijui, sasa unalijua.

Baada ya hapo niliitwa na wazee wa kanisa. Sitasema uongo, walinipa soda na maneno mazuri. Wakaniambia nisimwaibishe mtumishi wa Mungu, yaishe humuhumu ndani, nisamehe kama nilivyosamehewa. Nikauliza, Mwanahawa naye nani atamletea soda? Wakasema yule si wa kanisa. Nikatoka.

Nimejaribu kusamehe. Napiga magoti, nasema Bwana nimemsamehe Obadia, nikisimama hasira bado ninayo. Pengine wenzangu mnaweza haraka. Mie naona hivi: mtu hajaomba msamaha, hajakubali hata kwamba kuna kitu, nikimpa msamaha anaupokelea wapi? Nitauweka. Akija ataukuta.

Mwanahawa sasa anatembea kwa magongo. Sokoni hawezi, anakaa mlangoni kwake anauza maandazi. Hajaacha utani wake, nikifika ananiambia, "Maharusi mmoja kabaki." Lakini siku moja nilipokuwa namsugua mguu, nilimwambia Mungu wangu ndiye aliyetuwekea ule mchanga. Akasema, "Mungu wako nimemwona, Mama Eliza. Watu wake ndio sijawaona." Tangu alazwe mpaka leo hakuna mguu wa mtu wa kanisa hili uliokanyaga kwake, isipokuwa wangu.

Ndugu zangu, Bwana ameniokoa, sina shaka hata kidogo. Yule mwenye kujenga angeweza kumaliza jana yake, mchanga ukawa umeshatumika. Wale watoto wangeweza kuwa wametangulia hatua chache, wakawa pale nilipokata usukani. Nawaambia mnaoteswa na jambo lolote, mtumainini Mungu, hasinzii. Anakagua mpaka chini ya gari, hasimami getini kwa sababu ya matope! Na kwa kuwa Yeye haogopi kuangalia, na sie tusiogope. Ukiniambia wewe ni mpendwa, nitakusalimu, nitakula kwako, nitasali na wewe, na gari langu nitakaa nalo.

Kilian, najua hupo hapa, lakini yupo atakayekufikishia. Viatu vyako visafi vinadaiwa mguu wa mtu. Rudi ulikague gari nililosaini. Liko polisi, halina tope.

Na wewe Mzee Obadia. Sikuulizi habari za shetani. Nina maswali mawili, na kanisa zima linasikia. La kwanza, utakwenda lini nyumbani kwa Mwanahawa, ukae kwenye mkeka wake, umwambie kwa mdomo wako ulichofunga kwenye gari lile? La pili, masta silinda yangu uliyoitoa, na ile mpya uliyolipwa, ziko kwenye magari ya nani? Maana kama uliweza kunifungia mimi kifaa cha gari lililokufa, kina nani wengine wametoka pale Keko na rangi inayong'aa? Humu ndani ninaona watu ambao magari yao umeyatengeneza wewe. Wamekuja nayo leo, yako hapo nje, na watoto wao watarudi nayo.

Mchungaji, naomba usiipokee hii maiki. Simama, Mzee Obadia. Njoo uichukue wewe.