Noreen Tsuchida: Miaka Ishirini na Tisa ya Somo la Wiki Moja

Tarehe 30 Juni, Bi. Noreen Tsuchida anastaafu baada ya kuongoza Taasisi ya Kiangazi ya chuo chetu kwa miaka ishirini na tisa. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wahadhiri wa hapa na wa vyuo vingine wasiojua lolote kuhusu Japani waiingize katika masomo wanayofundisha tayari. Mwaka mzima chuo kimemtafutia mrithi, na mkuu wa kitivo alishasema wazi kwamba asipopatikana, taasisi inafungwa.

Alikuja hapa Iowa akitokea Sacramento, papa hapa Marekani, binti wa muuza matairi. Kila aliyesikia jina lake la Kijapani alimwomba afundishe sanaa ya Kijapani ya kupanga maua. Hajui. Maua yake huyatumbukiza kwenye chupa iliyoisha achari, basi.

Miaka ya mwanzo, anakiri mwenyewe, aliboronga. Wahadhiri walikaa naye wiki mbili, wakavaa kimono na kunywa chai ya kijani, kisha wakarudi vyuoni kwao kuwavisha wanafunzi kimono na kuwanywesha chai. Wanafunzi walipiga makofi, wakatoka kama walivyoingia. Jambo hilo lilimuuma sana.

Akabadili mambo. Akaanza kumdai kila mhadhiri somo moja tu la wiki moja, ndani ya kozi ya lazima anayoifundisha. "Kozi mpya huondoka na aliyeianzisha," husema. "Wiki moja ndani ya kozi ya lazima, nani ataiona aifute?" Na kila Oktoba huwapigia simu wahadhiri wote wa kiangazi kilichopita. Haulizi kama somo lilikwenda vizuri. Huuliza, "Wanafunzi wako walikosea wapi?" Aliyefundisha kweli hakosi la kujibu.

Mimi, mwalimu wa uuguzi wa ghorofa ya chini yake, nilihudhuria taasisi kiangazi kimoja, kisha nikamdanganya. Somo langu lilihusu utunzaji wa wazee huko Japani. Kazi zilinibana, nikaliruka, na aliponipigia nikasema lilikwenda murua. Akauliza swali lake. Nikaanza kubuni kosa, akanihurumia. "Haya Darlene, nitapiga tena wiki ijayo. Usinipikie jibu, tafadhali."

Nikafundisha. Wanafunzi karibu wote walidhani kila mzee wa Kijapani anaishi na wanawe. Takwimu zilipowaumbua, wakaanza kuulizana ni nani anayewatunza bibi zao kwenye mashamba yetu haya ya mahindi. Mwaka huu ni wa kumi na nne nalifundisha somo hilo.

Aprili aliniita ofisini, akaniomba nikalie kiti chake. Nilikataa. Sijui Kijapani, nikamwambia, na isitoshe mimi ndiye niliyemdanganya. Niliona aibu upya kulitamka.

"Kijapani kina walimu wake," alisema. "Natafuta mtu atakayeusikia uongo kwenye simu akautambua, halafu asimwaibishe mwenzake. Wewe yote mawili umeyapitia."

Nimekubali. Taasisi haifungwi.

Noreen, wahadhiri wa vyuo vidogo vingi wanakushukuru kwa mengi, nami nakushukuru kwa dogo moja. Ungenikemea siku ile, ningekukwepa kwenye ngazi hadi leo, na somo lile lisingefundishwa kamwe. Hukunikemea, ukapiga tena. Tunakuombea siku nyingi zenye afya na raha tele.