Tundu la Pili la Lesian

Kijiwe chetu kipo Lemara, nje ya kibanda cha Manase fundi redio: benchi moja, birika la Kisioki muuza kahawa, na watu wasio na haraka. Mmoja ni Godbless, tunamwita Injinia kwa sababu aliwahi kubadilisha kioo cha simu kikakubali. Mwingine ni mzee Yiamat, tunamwita Waziri. Hajui kitu ila hakosi jibu. Mimi nimo pia, kazi yangu kucheka. Leo Manase katoa amplifaya yake ya gitaa, kaifungua mgongo, anataka kuiongezea tundu la pili la kuchomekea gitaa. La nani, wote tunajua. Ni la Lesian, ambaye Manase alipiga naye gitaa kanisani Elerai miaka tisa, mpaka Jumapili ile walipokosana.

Waziri: Toboa tu, uchomeke. Tundu ni tundu.

Manase: Ndivyo tulivyoharibu, Mzee. Magitaa mawili, tundu moja, waya nimeunga mwenyewe. Mmoja akishusha sauti mpaka chini, anaizima na ya mwenzake.

Injinia: Ikawa siku ya mavuno.

Manase: Ya mavuno, kaka. Washarika wanaleta mahindi na kuku mbele. Lesian kashusha lake lote ili mimi nisikike. Kimya! Nikamgeukia mbele ya mchungaji, nikamwambia ananihujumu, ana roho mbaya. Akafungasha gitaa, akatoka.

Waziri: Na roho mbaya alikuwa nayo.

Manase: Hakuwa nayo! Ilikuwa waya wangu. Nimegundua Krismasi, naunga redio ya mtu. Kila gitaa linatakiwa rezista yake, kile kidude cha kubana umeme, ndipo haliivuti sauti ya mwenzake.

Injinia: Rezista za nini? Weka bluetooth.

Mimi: Gitaa la Lesian lina nyuzi mbili za breki ya baiskeli, litashika bluetooth?

Waziri: Sikilizeni. Sauti ina uzito. Lesian mrefu, sauti yake inaangukia ya Manase kutoka juu. Weka ubao katikati, kama tunavyotenga ndama na mama zao.

Injinia: Mzee, unazingua. Tatizo ni baridi ya Mlima Meru. Sauti mbili zikipoa zinagandana. Kabla ya ibada uianike juani.

Waziri: Basi nikwambie ukweli. Hiyo mashine iliusikia ugomvi. Imeshika kinyongo. Ipeleke ikaombewe.

Manase hakucheka. Aliunga kwa risasi rezista ya kwanza, ya pili, akakaza tundu jipya kwa koleo. Akachomeka gitaa lake, na la kuazima akampa Injinia.

Manase: Shusha lako. Mpaka mwisho.

Injinia akashusha. Gitaa la Manase likaendelea kulia, safi, likavuka barabara mpaka kwa fundi cherehani. Tukapiga makofi kama watoto. Waziri akadai lilikuwa wazo lake.

Manase: Angekuwepo asikie. Nimemkumbuka yule mtu, jamani. Nikipiga peke yangu bado namwachia nafasi, nasubiri aingie. Haingii.

 Kisioki akatumiminia vikombe bila kuombwa.

Hapo akafika Sinyati, mama wa maziwa, mgeni kijiweni. Alimletea Kisioki lita tano zake akavutwa na muziki.

Sinyati: Shikamoo, Mzee.

Waziri: Marahaba, mwanangu. Umekuta tumemaliza kazi kubwa.

Tukamsimulia yote kwa zamu, waya, mavuno, rezista, kila mtu akijikuza kidogo. Akasikiliza huku ameshikilia dumu.

Sinyati: Kumbe huyo Lesian hakuwa na kosa?

Manase: Hata chembe.

Sinyati: Na yuko wapi?

Injinia: Olasiti hapo. Anafuga kuku.

Sinyati: Ameshaambiwa?

Injinia akanitazama. Mimi nikamtazama Waziri, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Waziri hakuwa na jibu. Nilidhani Injinia alimwambia. Injinia alidhani mimi. Tangu Krismasi mpaka sasa mwezi wa sita tumebishana kwenye benchi hili kila siku, na Olasiti ni dakika ishirini kwa bodaboda.

Manase alikuwa bado ameshika gitaa. Alilitazama lile tundu jipya, Injinia ameshachomoa waya wake, akazima amplifaya.