Mara Elfu Moja: Wasifu wa Mama Betri

Marehemu, aliyejulikana kwa wote kama Mama Betri, alizaliwa tarehe 11 Machi 1979, mtoto wa tatu kati ya watano wa mama mshonaji na baba fundi redio. Nyumbani, betri zilizochoka zilianikwa dirishani zipate uhai kidogo. Akiwa na miaka saba alipasua moja aone kilichomo, akachafua shuka zote. Alichapwa, na wala hakukoma.

Alihitimu shahada ya kemia mwaka 2003, na mwaka 2006 akaajiriwa kwenye maabara ya betri. Kazi yake ilikuwa anodi, yaani upande hasi wa betri. Humo silikoni, elementi inayotokana na mchanga, hubeba chaji nyingi, ila huumuka na kupasuka. Yeye aliisaga laini kupita unga, akaifunga ndani ya kaboni ili ivumilie. Wadogo zake wakimuuliza lini simu zao zitaacha kuzimika, aliwajibu waache kwanza kuangalia video.

Tarehe 6 Desemba 2008 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu. Mumewe hakuielewa sana kazi ile, lakini kila jioni aliuliza betri ya majaribio imechajiwa mara ya ngapi.

Tarehe 26 Februari 2024 daktari aliona uvimbe tumboni, akataka apasuliwe wiki ileile. Betri yake bora ilikuwa imechajiwa na kuishiwa mara mia sita; alitaka kuiona ikifika elfu, lengo lake la miaka mingi. Mashine ya kuichaji ilijiendesha yenyewe. Alitaka tu awepo. Akamtazama mumewe, naye akamwambia, "Miezi mitatu si mingi. Malizia tu."

Tarehe 6 Juni betri ilifika mara elfu, ikiwa bado na asilimia themanini na moja ya uwezo wake. Wiki iliyofuata alipasuliwa. Uvimbe ulikuwa umeshafika kwenye ini. Alifariki Jumanne, tarehe 3 Septemba, saa nne asubuhi, mumewe akiwa ametoka kujaza chupa ya maji.

Katika rasimu ya wasifu huu, ndugu waliandika kwamba aliugua kwa muda mfupi. Mumewe alisoma, akachukua kalamu, akakata.

"Andikeni nilichomwambia," alisema. "Watoto wasije wakakisikia kwa watu."

 

Ameacha mama mzazi, mume, ndugu wanne na mabinti wawili. Baba yao aliwasomea wasifu huu kabla haujachapwa. Binti mkubwa akauliza kama mama angekubali iwapo baba angemkataza kungoja. Baba akasema hajui.

Pumzika, Mama Betri, kwa amani yote.