Risala ya Wachora Filamu wa Mudzipela Juu ya Mwendo wa Domitille

Mugeni wetu wa heshima, Maman Rébecca, mukubwa wa vijana: karibu sana. Mutusamehe maneno yaliyofutwafutwa. Risala hii tumeiandika upya asubuhi hii.

TULIPOTOKA

Siye ni vijana wa Bunia, tunachora filamu za watoto na ordinateur, ile kompyuta. Mwanzoni watu wa filamu zetu walitembea kama mbao, mpaka watoto wakatuzomea. Mwalimu wetu Donatien akatukataza kuchora mwendo wote mara moja. "Mutu asimame mbele yenu," akasema. "Mumuchore anapoanza, mumuchore anapomaliza, ndipo mutafute katikati." Aliyekubali kusimama ni Domitille, anayetupikia sombe, majani ya muhogo, mukimbizi wa vita kutoka Bule. Tukimuambia asitikisike, anajibu: "Na sombe yangu ikiungua, mutakula hizi dessin munazochora?"

KAZI YETU

Tulifanya filamu ya mbuzi anayebeba bidon ya maji, kufundisha watoto kunawa mikono. Mbuzi kabisa, na pembe! Lakini mwendo wote ni wa Domitille: anashusha bega, anapiga kitenge na kisigino kabla ya kukaa.

LILILOTUPATA

Siku ya posho, Jumamosi, tuliionyesha Tchomia, tulikofika na musafara wa askari. Katikati ya filamu muzee mumoja, Théodore, akaruka: "Simamisheni! Ule ni binti yangu!"

Watu wakacheka. Na siye tulicheka, tukidhani amelewa.

"Munacheka nini? Domitille wangu anakaa vile!"

Jina lake hatukulitaja mahali popote. Ee Mungu wangu! Nywele zilitusimama. Kwao walishamulilia, matanga yakaisha, musalaba ukasimamishwa bila mwili. Na Domitille aliamini baba aliuawa kulekule Bule. Tulipomuambia, aliacha sufuria kwenye moto, akaanguka chini. Mpaka sasa siye wenyewe hatuamini.

MAOMBI

Tulitaka kuomba ordinateur, courant ya umeme na nyumba ya kazi. Tunaviondoa vyote. Tumesikia kesho mutashuka Tchomia na askari wa kuwalinda. Barabara ile siye peke yetu hatuiwezi. Tunaomba kiti kimoja tu. Domitille ni yule pale mulangoni, na kifurushi chake.

Jana tulimupigia muzee simu, Domitille akasemezana naye, lakini muzee akakata. Tulipomurudilia kwa simu alisema: "Sauti, mashini inaiga. Musiniue mara ya pili. Mumulete nimuone anatembea."

Mungu awafungulie njia, Maman, na awarudishe salama kwa watoto wenu.

Ni siye, Wachora Filamu wa Mudzipela. Imesomwa na Lydie.