Nani Anakula Gemu ya Injinia?

Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, benchi letu huchelewa kujaa. Mpaka watu wamalize kuzibua mitaro, mkutano wa mtaa uishe na miguu ioshwe, ndipo Mukamana anafungua butike yake, kiduka cha hapa Rwezamenyo, na kutoa termosi ya kahawa ya tangawizi. Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali, ukikaa vibaya linakurusha. Mimi cherehani yangu iko mlango wa pili, kwa hiyo huwa nafika wa kwanza. Siku hiyo nilimkuta Ntare kanitangulia, amepakata begi la kompyuta kama mama aliyeleta mtoto zahanati. Tunamwita Injinia. Amekulia Karagwe, upande wa Tanzania, akaja Kigali kijana, akaacha kazi ya ofisi ili atengeneze gemu za simu. Alitengeneza moja tu ya maana, ya igisoro, ule mchezo wa mashimo na kete ambazo sisi tunaziita ng'ombe. Sasa alikuwa anamsubiri mtu wa kununua kompyuta. Gemu haimlishi, na Jumatatu anaanza kazi ya kurekebisha mashine za malipo kwenye supamaketi. Nilisikitika, nasema kweli, nikabaki namuuliza kuhusu mvua.

Nieleze jambo moja kabla wengine hawajafika na makelele yao. Gemu ile ni ya bure. Mwenyewe anakula pale tangazo linapojitokeza katikati ya mchezo. Na ziko mbili. Ile ya Play Store ina matangazo, na unacheza dhidi ya mtu anayeitwa Mfalme. Lakini kabla ya hiyo Injinia aliwatengenezea watu wa benchi gemu ya majaribio, isiyo na tangazo hata moja, maana aliona aibu kumkatiza Mzee Bosco mchezo kwa picha ya sabuni. Humo unacheza dhidi ya Bosco mwenyewe, kwa sababu ujanja wote wa ile gemu Injinia aliuchuma kwa kumtazama Bosco akicheza hapa hapa. Hata mlio wa kete aliurekodi kwenye ubao wa Bosco. Na ukishindwa, kioo kinakuandikia: Bosco amekula ng'ombe wako wote. Nenda ukachunge mbuzi. Simu yangu mimi ni ya kitochi, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuchungulia na kucheka.

Wakaja. Bosco mbele, na buti za matope. Fundi mwashi mstaafu, kakulia Bujumbura, hajawahi kukubali kwamba ameshindwa. Nyuma yake Christella, mwenye saluni hapo pembeni, naye mtoto wa Bujumbura. Mwisho Keith, aliyekulia Kampala, ambaye tunamwita Dokta kwa kuwa anatibu simu zilizokufa kule Kimisagara. Mukamana akamimina. Habari ya kompyuta ikatoka kabla kikombe cha kwanza hakijapoa.

BOSCO: Injinia, weye unauza mashine? Na ng'ombe zangu ziko ndani?

INJINIA: Hawamo, mzee. Jana nimefuta kila kitu. Na asubuhi hii, kabla ya umuganda, nimeitoa gemu Play Store.

CHRISTELLA: Yampaye inka! Umefuta yote? Hukuacha hata kidogo?

INJINIA: Sikutaka kubaki nayo. Nikiiona tu nitaanza tena kuitengeneza. Mke wangu amechoka kusikia "mwezi ujao." Nikisema "mwezi ujao" siku hizi hata hanijibu, anatoka nje kuanika nguo.

DOKTA: Lakini ssebo, ile gemu watu wanaipenda! Mimi pale Kimisagara nafungua simu za watu, naiona kila mahali. Wanaigombania!

INJINIA: Ndiyo hicho kinaniuma, Dokta. Kila mtu ananiambia inapendwa. Nikifungua kule Play Store wanakonionyesha wachezaji, ni wachache hawajazi hata basi dogo la kwenda kuchumbia. Sasa hao wa Kimisagara wanacheza nini?

DOKTA: Unaibiwa. Hiyo iko wazi. Kule kwao kuna mashine ya kuhesabu. Ikiona mtu wa Marekani, inahesabu mtu. Ikiona mtu wa Rwanda, inasema huyu labda ni yule yule wa jana.

CHRISTELLA: Oya, si kuhesabu. Matangazo yenyewe hayafiki! Sikiliza. Niko na mteja, alicheza tangu namfumua nywele mpaka namaliza kusuka, na ile misuko midogo, mnajua kazi yake. Tangazo hata moja! Nikamtazama, nikasema, nani anayazuia?

DOKTA: Milima!

BOSCO: Milima gani?

DOKTA: Mzee, tangazo linatoka mbali limenyooka. Uganda ni tambarare, linapita. Likifika hapa linagonga Mlima Kigali, linakwenda pembeni. Linaangukia ng'ambo, Kongo. Banange, kuna mtu yuko Goma saa hii anatazama sabuni zetu zote na hajui amekosa nini!

Mukamana akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Injinia hata hakutabasamu.

BOSCO: Nyie watoto hamjui kitu. Shida ni Mfalme.

INJINIA: Mfalme gani tena?

BOSCO: Yule uliweka mahali pangu. Ya hapa benchi ni Bosco, c'est bien. Unapeleka kwa dunia, unatoa Bosco, unaweka Mfalme. Mfalme alishalipa nani? Mfalme anapelekewa ng'ombe, harudishi. Ungeacha Bosco, ungekuwa umejenga.

INJINIA: Mzee, dunia haimjui Bosco.

BOSCO: Ingenijua!

CHRISTELLA: Mimi nasema ni jicho. Mtu amekuonea wivu. Wewe ulikaa hapa mbele ya watu, ukafungua kompyuta, ukaonyesha ng'ombe wazuri, mapembe marefu. Ng'ombe huwezi kuonyesha hivyo, hata za simu.

DOKTA: Jicho la nani? La mimi?

CHRISTELLA: Sijataja mtu. Nimesema jicho.

BOSCO: Ngojeni. Ngojeni kwanza. Nimeijua.

Bosco akaweka kikombe chini. Akatazama huku na huku, kisha akatuvuta karibu kana kwamba ana siri ya serikali.

BOSCO: Injinia, weye ulijifunza kwangu, sivyo? Kila kitu nafanya, ukaingiza kwa mashine. Sasa... mimi, saa zingine, si kila siku, naficha ng'ombe moja kwa mkono.

CHRISTELLA: Tunajua!

BOSCO: Acha nimalize! Mashine imeniona. Imejifunza. Sasa na yenyewe inaficha. Wazungu wanatuma chako, mashine inashika moja, inaficha, inashika ingine, inaficha. Voilà. Uliweka mwizi ndani, mwana wangu, na mwizi ni mimi.

Miaka yote tumemsubiri Bosco akiri kuwa anaiba. Siku aliyokiri, hakuna aliyekuwa na moyo wa kushangilia. Mzee alikuwa analengwalengwa na machozi. Alikuwa anaamini kila neno.

INJINIA: Si wewe, mzee. Nimekaa nikaifikiria sana hii. Mtu akipenda kitu utamwona. Mimi siwaoni. Labda haikuwa nzuri, basi. Mlinisifia kwa sababu tunakaa pamoja.

Niliona uchungu kumsikia kijana akijivunja hivyo mbele yetu, taratibu, kama anasoma bei ya sukari.

Pikipiki ikasimama. Akashuka binti, akamrudishia motari kofia yake, akatusalimu kwa adabu. Gaju, kutoka Gatsata. Ndiye mnunuzi. Anasomea mambo ya kompyuta na anahitaji mashine ya kujifunzia. Christella akasogea, binti akakaa. Injinia akafungua kompyuta mapajani na kuiwasha ili aione, nayo ni mzee kama sisi, inachukua muda wake kuamka. Gaju, kwa kusubiri, akatoa simu.

Tukasikia: tk, tk, tk, tk.

Mlio ule hauna mwingine. Ni kete za Bosco kwenye ubao wa Bosco. Wote tukageuka.

GAJU: Aah! Amenimaliza tena. Samahani, wazee, hii gemu inanipandisha hasira. Kwetu Gatsata tunaulizana, hata leo kwenye umuganda tumebishana. Hivi huyu Bosco ni nani?

Swali lenyewe jepesi. Mwenye jina alikuwa amekaa hapo, goti lake karibu liguse la yule binti. Akaanza kukwangua tope kwenye buti. Christella akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba. Dokta akatazama barabarani.

INJINIA: Dada, naomba nione simu yako.

Akasoma kioo. Mimi nilikuwa nyuma yake nikasoma naye. Nenda ukachunge mbuzi.

INJINIA: Hii uliipakua wapi?

GAJU: Sikupakua. Dada yangu alinirushia, simu kwa simu. Yeye alirushiwa saluni, huku huku kwenu nadhani. Kwetu kila mtu anayo. Nilienda Play Store kumtafuta aliyeitengeneza, nimwandikie tu kwamba tunaipenda. Nikakuta ingine, ya Mfalme, imejaa matangazo. Nikaiacha. Nikasema hawa ni waigaji.

Injinia akamrudishia simu kwa mikono miwili. Akamgeukia Christella.

CHRISTELLA: Wateja walikuwa wanaomba, Ntare. Na kupakua kunakula mega. Nikasema ngoja niwarushie, huyu ni kijana wetu, watu wamjue. Nilikuwa nakusaidia.

DOKTA: Na mimi... simu ikipona, naiweka ndani. Zawadi ya mteja. Kila simu.

INJINIA: Kila simu?

DOKTA: Banange, nilifikiri ndiyo unakua!

BOSCO: Mimi nilipeleka kanisani. Korali yote. Sauti ya kwanza mpaka besi. Ilikuwa na jina yangu, mwana wangu. Mtu asigawe jina yake?

INJINIA: Ile ilikuwa ya hapa. Ya benchi peke yake.

BOSCO: Hukutuambia.

INJINIA: Sikuwaambia. Ningewaambiaje? Nimpe mzee kitu mkononi, halafu nimwambie asimwonjeshe jirani?

Hapa kwetu hata chumvi ukimpa mtu huulizi atamgawia nani. Wale walimpenda kijana, na kwa mapenzi hayo wakampelekea gemu yake mji mzima kwa mlango ambao yeye hapati kitu. Naye kwa heshima akanyamaza. Nilitaka kumkasirikia mtu mmoja nikakosa wa kuanza naye.

DOKTA: Sasa si irudishe! Leo leo! Weka Bosco, weka tangazo ndani ya Bosco, tutawaambia watu wote wapakue. Nitasimama Kimisagara na kipaza sauti!

INJINIA: Nirudishe nini, Dokta? Nimefuta.

GAJU: Lakini kwenye simu yangu si ipo?

INJINIA: Hiyo ni mkate, dada. Unaliwa tu. Kuutengeneza upya ningehitaji unga, na unga ulikuwa humu.

Akaigusa kompyuta. Ilikuwa imeshaamka, kioo cheupe, safi, haina kitu.

Gaju ndiyo kwanza akaelewa amekaa na nani. Akatutazama mmoja mmoja, akamfikia Bosco, akaona buti, akaona mikono. Akasimama nusu.

GAJU: Kaka, kama unataka kubaki nayo, mimi nitatafuta ingine. Kweli.

Injinia akapangusa kioo kwa kiganja. Nilimwombea aseme ndiyo. Naapa nilimwombea.

INJINIA: Chukua. Nimewaahidi watu Jumatatu. Na mke wangu nimeshamwambia. Wewe ujifunzie. Ukitengeneza kitu, usiwape watu wa benchi.

Alisema kwa utani, lakini hakuna aliyecheka. Gaju akalipa, akaitia kompyuta begini, akalivaa begi kifuani, akaaga kwa sauti ndogo, akamsimamisha motari na kuondoka kuelekea Nyabugogo. Mukamana akainamisha termosi juu ya kikombe cha Injinia. Yakatoka mashapo ya kahawa tu.

MUKAMANA: Imeisha.

Christella akasema ana mteja. Dokta akasema ana simu ya mtu. Wakaondoka bila kuagana vizuri. Bosco alibaki, mikono katikati ya magoti. Injinia akasogea akakaa karibu yake, akatoa simu yake mwenyewe.

INJINIA: Mzee, nirushie.

BOSCO: Nini?

INJINIA: Gemu.

BOSCO: Weye huna?

INJINIA: Sina.

Bosco hakuwahi kujua vizuri kutumia simu yake, lakini kurusha gemu alijua. Alikuwa amefanya kwa korali nzima. Akabonyeza, akasubiri, akabonyeza. Ikafika. Injinia akaifungua, akacheza kimya kimya, tk, tk, tk, na Bosco kando yake akageuza uso upande wa pili ili asione nani anashinda.